Gego Lililonipeleka Mazishini

Tangu nirudi Mbeya sijashona hata kifungo. Kila anayeingia kibandani kwangu anavuta kigoda, anakaa, anakunja uso, anasema, "Pole sana, Fundi Asajile, tumesikia umefiwa huko Uhehe." Juzi alikuja mwingine akaniuliza kwa kunong'ona kama ni kweli nilizikwa mwenyewe nikafufuka. Nimewasimulia vipande vipande, na kila kipande kimefika sokoni kikiwa kimeota mkia. Basi naandika yote mara moja. Mkishasoma, anayekuja kibandani aje na kitambaa cha kushona.

Sina ndugu Uhehe. Nilikwenda kung'oa jino.

Mbeya, kibandani

Lilikuwa gego la mwisho kabisa, chini kushoto, lile linalochelewa kuota mpaka mtu ameshaoa. La kwangu lilichelewa, halafu likaota vibaya. Dresa wa hospitali, yule msaidizi wa daktari, alinichungulia kwa tochi, akasema limelala ubavu ndani ya ufizi na kichwa chake kimelisukuma gego la jirani. Katikati yao kuna mwanya ambao mswaki haufiki. Chakula kinaingia mle, kinaoza, na huo uozo umeanza kumtoboa jirani ambaye hana kosa lolote.

"Mimi hili siliwezi," alisema. "Hapa panatakiwa kupasua ufizi. Daktari wa meno yuko Iringa wiki hii, Jumamosi asubuhi anaondoka. Uwahi. Huu uvimbe ukishuka kooni utashindwa kumeza, na baada ya kumeza ni kupumua."

Daktari huyo huyo alikuwa hapa Mbeya mwezi uliotangulia. Nilikuwa napita mbele ya mlango wake kila asubuhi, gego limenyamaza kimya, nikimpungia mkono kwa adabu.

Niliporudi kibandani nilimkuta Ndele, jirani yangu fundi baiskeli, ameshapata habari na ameshaosha koleo.

"Iringa ya nini?" alisema. "Tatizo ni kubanana. Mimi nang'oa hili linaloonekana, lile lililojificha linapata njia, linatoka lenyewe."

Watu waliokuwepo walisema hiyo ni akili. Wawili walikuwa wameshanikamata mabega wakati mke wangu Subilaga alipoingia. Alimnyang'anya Ndele koleo, akawafukuza wote, akachukua kitambaa cha kwanza alichokiona mezani, akanifunga taya kuanzia chini ya kidevu mpaka utosini ili lisitikisike njiani. Halafu akanikunjia kitambaa kingine kirefu cha namna ile ile, nichane vipande vya kubadilisha cha kwanza kikilowa mate.

Kitambaa chenyewe kilikuwa bafta nyeupe. Siku hiyo mezani hakukuwa na kingine, na mimi na mke wangu hatukufikiria lolote.

Mbeya hadi Chimala

Nilipanda lori la magunia ya pareto. Abiria tulikaa juu ya magunia, na mimi nilipewa nafasi karibu na mwanamume mmoja mwembamba aliyevaa koti kuukuu na kujifunga shali mdomoni kwa ajili ya baridi. Hakusema neno. Alinigawia nusu ya blanketi lake, akageuka kutazama nyuma tulikotoka.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Kibena, mnene, mchangamfu, aliyekuwa anakwenda Iringa kumwona binti yake aliyejifungua. Aliitwa Mama Sekunda. Kabla hatujafika Uyole nilikuwa nimeshajua majina ya watoto wake wote na magonjwa yao.

Pale Uyole lori liliingia shimoni, meno yangu yakagongana, na taya likakaza. Nilijaribu kulifungua. Mdomo uliachama kiasi cha kupitisha njiti ya kiberiti, basi. Machozi yalinitoka bila ruhusa. Kuanzia hapo, neno lolote nililotaka kusema lilitoka "mmh".

Mama Sekunda alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nami nikajitazama kwa macho yake, na hapo ndipo nilipoona tulichofanya mimi na Subilaga. Mtu amejifunga kitambaa cheupe kichwani kama mfiwa. Uso umevimba. Analia. Haongei. Na mapajani amepakata bafta nyeupe iliyokunjwa vizuri, kitambaa cha sanda.

Mnajua desturi zetu. Mtu aliyefiwa haulizwi ni nani aliyekufa, maana kumwuliza ni kumpasua upya. Unampa pole, unakaa naye, unamlisha, unamsindikiza. Mama Sekunda hakuniuliza kitu. Aliwageukia abiria wengine, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata dereva aliisikia:

"Huyu kaka anakwenda kuzika."

Nilitikisa kichwa kukataa, kwa nguvu zangu zote.

"Mwoneni," alisema. "Haamini bado."

Chimala

Chimala gurudumu lilipasuka. Joto la Usangu lilitupokea, na mama mmoja wa pale alikuwa anauza wali na samaki wa kukaanga. Sitasahau harufu ya wali ule. Abiria wote walinunua, na wote wakaja na sahani zao kunizunguka, maana mfiwa haachwi peke yake. Walitafuna huku wananitazama kwa huruma.

Nikaona niwaeleze kwa vitendo. Nilinyoosha kidole nikagusa shavu, nikaonyesha gego, nikafanya mkono kama koleo linalong'oa. Waliacha kutafuna, wakafikiri. Mzee mmoja wa Kisangu mwenye fimbo ndiye aliyeelewa wa kwanza.

"Anatuambia ugonjwa," alisema. "Marehemu ameuawa na jino."

"Yesu na Maria!" alisema Mama Sekunda.

Nilipiga ngumi gunia. Hilo nalo walilielewa wanavyotaka wao, na mzee wa Kisangu akakaa kwa raha kusimulia. Alikuwa na shemeji, mtu wa nguvu, mla nyama, aliyeumwa gego la mwisho. Asubuhi shavu lilikuwa limevimba kama hivi, akapima kwa mkono wake juu ya shavu langu. Adhuhuri uvimbe ukashuka shingoni. Jioni hakuweza kumeza mate yake mwenyewe.

"Tulimzika kesho yake," alisema.

Mwingine alikuwa na mjomba. Mwingine alikuwa na mwalimu wake wa shule. Sikujua kwamba nchi hii imepoteza watu wengi hivyo kwa magego. Niliogopa sana, ndugu zangu, nasema kweli. Kila walipotaja koo nilikuwa najaribu kumeza mate, kuona kama bado yanapita. Yule wa koti peke yake hakusimulia kitu. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha lori na shali yake mdomoni, katika joto lile.

Makambako

Tulilala Makambako kwa sababu lori lilikuwa na taa moja tu. Baridi ya pale mnaijua. Mama mwenye hoteli ya chai alipoambiwa habari zangu alinipa kitanda chake mwenyewe, na Mama Sekunda akanilisha uji kwa kijiko, nusu ukiingia, nusu ukishuka kwenye bafta. Nililala huku nahesabu vidole: Alhamisi imekwisha, bado Ijumaa, Jumamosi asubuhi daktari anaondoka.

Alfajiri lilikuja lori jingine kutoka Iringa, na Mama Sekunda, ambaye hapitwi na habari, alikwenda kuwasalimia waliokuwa juu yake. Alirudi mbio na khanga inaburuta.

"Nimejua anakokwenda!" aliwaambia wenzangu. "Karibu na Kalenga kuna msiba wa Mzee Matei. Amekufa juzi. Aliacha usia kwamba asizikwe mpaka mpwa wake atupe udongo wa kwanza, yule aliyemlea, Lukasi, aliyekwenda huku Chunya kwenye dhahabu akapotea miaka yote. Walimtumia salamu kwa madereva tangu mzee anaumwa. Mpaka leo wanamngoja!"

Watu wote walinigeukia.

"Pole, Lukasi," alisema mzee wa Kisangu.

"Mmh! Mmh!" nilisema.

"Ndiyo, baba, tumeshajua. Usijichoshe."

Nilimtazama yule jirani yangu wa koti, nikimwomba kwa macho anisaidie, kwa kuwa yeye alionekana mtu wa akili. Alinitazama na yeye, muda mrefu kidogo. Kisha akavuta shali yake juu mpaka chini ya macho, akapanda lori.

Makambako hadi Kalenga

Nimewahi kusafiri na watu wakorofi na nimewahi kusafiri na walevi. Nawaambia, hakuna msafiri mgumu kuliko mtu mwema. Dereva alipita Mafinga bila kusimama, ingawa alikuwa na mzigo wa kushusha, ili mwili wa mzee usiendelee kungoja. Abiria waliimba nyimbo za dini, Wakatoliki upande mmoja na Walutheri upande mwingine, kila upande ukijitahidi kunifariji kuliko wenzao. Mzee wa Kisangu alipitisha ulanzi kwenye kikombe cha mwanzi, akanimiminia kwenye mwanya wa meno. Hiyo pombe ya mianzi ilipita vizuri, na ilipofika kwenye gego ilifanya kazi kidogo. Nilikubali nyingine.

Nilijiambia kwamba njia ni moja. Kalenga iko karibu na mji, wakinishusha nitakimbia kwa miguu mpaka Iringa. Lakini tulipofika njia panda ya Kalenga, dereva hakunishusha. Alikata kona na lori zima, magunia, abiria na nyimbo zao, tukaingia njia ya kijijini.

Msibani

Walituona kutoka mbali. Kabla lori halijasimama vilio vilikuwa vimeshapanda, na Mama Sekunda amesimama juu ya gunia anapiga kelele, "Lukasi wenu huyu! Tumemleta!"

Nilishushwa kwa mikono. Wanawake walinikumbatia, na kila mmoja alichagua shavu la kushoto. Wanaume walinishika mkono wakisema "Kamwene, kamwene," salamu yao ya Kihehe, na wazee wakanitazama usoni wakatikisa vichwa.

"Amebadilika," alisema mmoja.

"Amelia mpaka amevimba," alisema mwingine. "Na mlisema amemsahau mjomba wake!"

Kisha wakaiona bafta yangu. Mzee mmoja aliipokea kwa mikono miwili, akainua juu watu waione. Amekuja na sanda. Vilio vikaanza upya. Hivyo ndivyo zilivyokwenda bandeji zangu zote.

Waliniingiza ndani kumwona marehemu. Mzee Matei alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mrefu, mtulivu, amefungwa taya kwa kitambaa cheupe kutoka chini ya kidevu mpaka utosini, na fundo limekaa upande ule ule kama la kwangu. Tulitazamana, kama naweza kusema hivyo. Nilipeleka mkono kichwani, nikaligusa fundo langu.

Pembeni ya kitanda alikaa mjane wake, bibi mdogo wa umbo aliyejifunika kaniki. Aliomba watu watoke aongee na mwanawe. Walipotoka alinisogelea akainua mdomo wangu wa juu kwa kidole gumba, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Lukasi ana pengo hapa mbele," alisema. "Wewe meno yako yote yapo. Una gego, siyo?"

"Mmh," nilisema, na machozi yakanitoka tena, safari hii ya furaha. Mtu wa kwanza kunielewa tangu Mbeya.

"Unakwenda kwa yule Mzungu wa meno mjini."

"Mmh!"

Alitega sikio. Nje walikuwa wanaimba.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mume wangu amelala hapa siku ya tatu. Mimi nanusa, wao wanajifanya hawanusi. Lukasi haji. Nimekaa hapa nikijua haji. Wazee wanasema usia ni usia. Basi nitupie wewe huo udongo, apumzike, na mimi nipumzike. Ukimaliza nitakutoa hapa, ufike kwa daktari wako kabla ya kesho. Kumdanganya maiti ni dhambi yangu, siyo yako."

Ningekataa vipi?

Kwa hiyo nilimzika. Katekista alisali, jeneza likashuka, watu wakapisha njia, na mimi fundi cherehani wa Mbeya nikachota udongo wa watu, nikautupa, nikiwa nimefungwa taya kama aliyemo ndani. Niliona aibu kubwa. Baada yangu walifuata wengine mmoja mmoja. Yule mtu wa koti naye alisogea. Yeye alichota kwa mikono miwili. Akatupa, akachota tena, akatupa, akachota, mpaka mzee mmoja akamgusa bega akamwambia, "Inatosha, mgeni, acha na wenzako."

Watu walipokwenda kula, mjane alinishika mkono mpaka nyuma ya nyumba. Palikuwa na baiskeli ya marehemu imeegemea ukuta. Yule wa koti alikuwa amesimama karibu nayo, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Wewe uliyekuja naye," bibi alimwambia. "Unajua njia ya mjini?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Mpeleke. Baiskeli uirudishe mwenyewe, kwa mkono wako. Usimtume mtu."

Alimtazama kidogo, kisha akarudi ndani kwa wageni.

Kalenga hadi Iringa kwa baiskeli

Nilikaa kwenye karia. Kila jiwe la barabara ile nalijua kwa jina. Tulipofika kwenye mlima wa kuingia mjini tulishuka tukasukuma, na hapo ndipo yule bwana alipoishusha shali yake, kwa kuwa alikuwa anahema. Alikuwa na pengo mbele, juu, kubwa, mahali pa jino moja zima.

Nilisimama katikati ya barabara.

"Mmh?" nilisema.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Alizungumza akiwa anatazama mpini wa baiskeli. Mjomba wake Matei, pamoja na ukulima, alikuwa mng'oaji wa meno wa kijiji kizima. Miaka ile Lukasi alipokuwa kijana aliumwa jino, karibu kabisa na siku ya kwenda kuchumbia. Mjomba alimkalisha, akafunga uzi, akavuta. Akang'oa zima, akaliacha lililooza.

"Nilikwenda ukweni na pengo," alisema. "Yule binti alicheka. Hakucheka vibaya, alicheka tu. Nikarudi nikamwambia mjomba kwamba sikanyagi tena kwake mpaka hilo jino liote."

Alisukuma baiskeli hatua kadhaa.

"Nilikuwa mjinga. Nilipopata salamu kwamba anaumwa nilikaa naogopa. Nilijua watanitazama wote na kusema ndiye huyu. Halafu nikapanda lori, nikakuona wewe. Pale Makambako walipokuita jina langu nilitaka kusema. Lakini walikuwa wanakupenda, bwana. Wanakulisha uji. Nikasema acha Lukasi awe huyu, anafaa kuliko mimi."

Pale kaburini, aliniambia, alikuwa amejaribu kulia akashindwa, maana nafasi ya kulia ilikuwa imekaliwa. Watu walikuwa wananifariji mimi.

Nilimshika bega, tukasukuma baiskeli mpaka juu.

Iringa, kwenye kiti

Tulimkuta daktari anafunga masanduku. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye mikono mikubwa, na dresa wake wa Kihehe ndiye aliyekuwa anatafsiri. Alitaka kukataa. Kisha akaifungua bafta niliyofungwa taya, akaniangalia, akavua koti lake.

"Anasema ungekuja wiki ijayo angekukuta kaburini," alisema dresa.

Nilimwonyesha kwa ishara kwamba tayari nimetokea huko.

Alinichoma sindano ya ganzi, mara tatu au nne, na polepole lile taya lililonitesa tangu Uyole likalegea, likawa si langu. Dresa alishika tochi. Alihitajika mtu wa kunishika kichwa kisicheze, na Lukasi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akaitwa. Alinishika kwa viganja viwili, kwa upole, nikaona uso wake juu yangu umepinduka na lile pengo katikati.

Daktari alipasua ufizi. Nilisikia mikwaruzo, sikusikia maumivu. Alilikata lile gego lililolala akalitoa vipande viwili. Kisha akaligusa gego la jirani, lile ambalo Ndele alitaka kuling'oa, akachungulia, akasema kitu.

"Hili limeanza kuoza ubavuni, lakini linapona," dresa alitafsiri. "Atalisafisha alizibe. Anasema asingethubutu kuling'oa. Jino zima mtu haling'oi kwa makosa ya jirani yake."

Basi Lukasi akaanza kulia.

Alianza kidogo, nikadhani ni jasho linanidondokea. Halafu kikatoka kilio kamili, kilio cha msiba, cha mtu mzima aliyefiwa na baba, "Mjomba! Mjomba wangu jamani! Mjomba!" na viganja vyake vimenibana masikio. Nje kulikuwa na watu watano waliosikia kwamba daktari bado yupo, wakaja wamejishika mashavu. Nilisikia viatu vyao vikikimbia. Kesho yake niliambiwa mmoja alifika mpaka Ipogolo, chini ya mlima, bila kupumzika.

Daktari alisimama na koleo lake hewani. Alinitazama mimi niliyepasuliwa, nimetulia. Akamtazama Lukasi ambaye hakuguswa.

"Daktari anauliza," alisema dresa, na yeye amechanganyikiwa, "kwani wewe ndiye mjomba wake?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa pamba, na machozi ya yule bwana yalikuwa yananiingia machoni yakichanganyika na ya kwangu.

"Mmh," nilisema, na safari hii nilimaanisha ndiyo.